SOMO LA 14: KUCHAGUA DISKI NA PEDI ZA BREKI

Katika barabara kuu iendayo kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya na Zambia, upo mlima uitwao Kitonga, mkoani Iringa. Barabara hupanda mlima huo kwa kona nyingi kali, huku bonde likiwa upande mmoja na jabali upande wa pili. Gari linaloteremka mlima huo hutaka kwenda kasi zaidi na zaidi. Dereva hulizuia kwa kutumia gia ndogo na kwa kukanyaga breki. Mara nyingine abiria husikia harufu ya kitu kinachoungua.

Harufu hiyo yatoka wapi? Kwa nini breki huweza kupoteza nguvu wakati zinapohitajiwa sana? Je, breki za magari ya mashindano zaweza kulifaa gari la abiria? Katika somo hili tutajifunza mambo hayo.

Msuguano hufanya joto

*Jaribio la 1*

Vifaa: mikono yako miwili, maji na sabuni.

Njia:
1. Shika shavu lako kwa kiganja. Angalia kama kiganja ni cha moto au cha baridi.
2. Sugua viganja vyako kwa nguvu huku ukihesabu mpaka 30.
3. Shika shavu lako tena.
4. Sasa paka viganja maji na sabuni, kisha usugue tena huku ukihesabu mpaka 30.

Uliona nini? Viganja vikavu vilipata joto upesi. Viganja vyenye sabuni viliteleza, navyo havikupata joto kama mara ya kwanza.

Vitu viwili vikigusana na kusuguana, kila kimoja hukizuia kingine kisiende. Nguvu hiyo ya kuzuia huitwa *msuguano*. Msuguano hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Breki za gari hufanya kazi hiyo hiyo. Nishati ya gari linalokwenda haipotei gari linaposimama, bali hugeuka kuwa joto ndani ya breki.

Sehemu za breki

Tazama gurudumu la mbele la gari dogo lililosimama. Kati ya matundu ya gurudumu utaona sahani ya chuma inayong'aa. Sahani hiyo huitwa *diski*, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Diski nyingi hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Chombo kiitwacho *kalipa* kimeikumbatia diski kama mkono unavyoshika sahani ukingoni. Ndani ya kalipa zimo *pedi* mbili, moja kila upande wa diski. Pedi ni bamba la chuma lililogandishwa tabaka nene la vitu vigumu vilivyochanganywa, ili visuguane vizuri na diski.

Dereva anapokanyaga breki, mafuta ya breki husukumwa ndani ya mabomba membamba mpaka kwenye kalipa. Mafuta hayo husukuma pistoni, nayo pistoni huzibana pedi kwenye diski. Diski hupunguza mwendo, na gurudumu nalo hupunguza mwendo.

Gari linapofunga breki, uzito wake mwingi huelemea magurudumu ya mbele. Ndiyo maana breki za mbele hufanya kazi kubwa kuliko za nyuma, na diski za mbele kwa kawaida huwa kubwa zaidi.

*Jaribio la 2*

Vifaa: baiskeli, kipande cha kandambili ya mpira, kipande cha ubao laini, na kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo.

Njia:
1. Pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani.
2. Zungusha gurudumu la mbele kwa nguvu.
3. Mwanafunzi mmoja abane kipande cha mpira kwenye ukingo wa rimu. Mwingine ahesabu gurudumu limezunguka mara ngapi kabla ya kusimama.
4. Rudieni kwa kutumia ubao, kisha kitambaa chenye mafuta. Jaribuni kuzungusha na kubana kwa nguvu ile ile kila mara.

Tahadhari: Msiweke vidole karibu na spoki. Baada ya jaribio, futeni mafuta yote kwenye rimu, ili mwenye baiskeli asipate ajali.

Andikeni majibu yenu katika jedwali. Ni kitu kipi kilichosimamisha gurudumu upesi? Mtaona kwamba vitu mbalimbali havina msuguano ulio sawa. Kwa hiyo kuchagua pedi ni kuchagua kitu chenye msuguano unaofaa.

*Jaribio la 3*

Vifaa: mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, mpira mwembamba wa kuyaunganisha, na maji.

Njia:
1. Jazeni maji katika bomba moja na katika mpira. Ondoeni hewa yote, kisha unganisheni bomba la pili.
2. Sukumeni bomba la kwanza. Bomba la pili hufanya nini?
3. Sasa ingizeni hewa kidogo ndani ya mpira. Mwanafunzi mmoja azuie bomba la pili kwa kidole gumba, na mwingine asukume la kwanza.

Uliona nini? Maji peke yake yalisukuma bomba la pili mara moja. Hewa ilipoingia, bomba la kwanza lilizama kwa ulaini, na nguvu haikufika yote upande wa pili. Hii ni kwa sababu hewa hushindilika, lakini maji hayashindiliki kwa urahisi. Kumbuka jaribio hili. Tutalihitaji hapo mbele.

Joto ni kiasi gani?

Tufikiri juu ya gari lenye uzito wa kilo 1,000. Jedwali lifuatalo laonyesha joto linalopatikana breki zinapolisimamisha kabisa. Ili tuelewe vizuri, tumeonyesha pia jinsi joto hilo lingeweza kupasha moto maji ya lita 2 na nusu.

| Mwendo wa gari | Nishati inayogeuka kuwa joto | Maji ya lita 2½ yangepanda joto kwa |
|---|---|---|
| Kilometa 36 kwa saa | jouli 50,000 | nyuzi 5 hivi |
| Kilometa 72 kwa saa | jouli 200,000 | nyuzi 19 hivi |
| Kilometa 144 kwa saa | jouli 800,000 | nyuzi 76 hivi |

Angalia vizuri. Mwendo ulipoongezeka mara mbili, joto halikuongezeka mara mbili, bali mara nne. Maji yenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi yakipandishwa kwa nyuzi 76, huchemka. Maana yake ni kwamba gari linaposimamishwa mara moja tu kutoka mwendo wa kilometa 144 kwa saa, breki hupata joto la kutosha kuchemsha birika la maji.

Katika uwanja wa mashindano, dereva hufunga breki kwa nguvu kila anapofika kwenye kona, na kona inayofuata haiko mbali. Diski hazipati nafasi ya kupoa. Joto huongezeka juu ya joto, mpaka diski huweza kuwa nyekundu kama kaa la moto.

Diski zilivyoanza

Hapo zamani magari mengi yalitumia breki za dramu, na malori mengi huzitumia mpaka leo. Dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka na gurudumu. Breki husukumwa kwa ndani mpaka ziguse ukuta wake. Kwa kuwa imefunikwa, dramu hukaa na joto kwa muda mrefu. Tena ikipata joto hutanuka na kwenda mbali na kile kinachoisugua. Diski iko wazi, na upepo huipitia pande zote mbili.

Mwaka 1902 Mwingereza aitwaye Frederick Lanchester aliandikisha haki ya uvumbuzi wa breki ya diski. Lakini miaka mingi ilipita kabla diski hazijatumiwa sana katika magari. Mwaka 1953 gari la Jaguar lililokuwa na breki za diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa. Magari ya mashindano hayo huzunguka usiku na mchana, nayo hulazimika kupunguza mwendo mkubwa mara nyingi sana. Watengenezaji wa magari waliona faida ya diski. Mwaka 1955 gari la Citroën DS lilianza kuuzwa kwa watu likiwa na breki za diski za mbele.

Pedi za barabarani na pedi za uwanjani

Kila pedi ina kiwango chake cha joto ambacho inafanya kazi vizuri. Pedi za barabarani hushika vizuri tangu zikiwa baridi. Lakini joto likizidi sana, kwa nyingi ni nyuzi 400 hivi za Sentigredi, msuguano wake hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu, kanyagio ni gumu, lakini gari halipungui mwendo kama alivyotarajia.

Pedi za uwanjani hustahimili joto kubwa zaidi. Lakini nyingi hazishiki vizuri mpaka zipate joto kwanza. Zikiwa baridi, gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Tena hupiga kelele, hutoa vumbi jingi, na huila diski upesi.

| Jambo | Pedi za barabarani | Pedi za uwanjani |
|---|---|---|
| Zikiwa baridi | Hushika vizuri | Nyingi hushika kidogo |
| Zikiwa na joto kubwa sana | Hupoteza nguvu | Huendelea kushika |
| Kelele na vumbi | Kidogo | Nyingi |
| Kuila diski | Polepole | Upesi |

Zipo pia pedi za katikati, kwa mtu ambaye huendesha gari moja barabarani siku zote na uwanjani mara chache. Hizo hushika kiasi cha kutosha zikiwa baridi, na hustahimili joto kuliko za kawaida. Hata hivyo, haziwezi kuzishinda pedi za barabarani kwa utulivu, wala pedi za uwanjani kwa kustahimili joto.

Aina za diski

*Diski nzima.* Hii ni bamba moja la chuma. Ni rahisi, nayo yafaa kwa gari jepesi na kwa magurudumu ya nyuma.

*Diski yenye njia za hewa.* Hii ni kama sahani mbili zilizounganishwa kwa vijiti vya chuma, na katikati kuna nafasi. Inapozunguka, hewa huingia katikati na kutoka ukingoni, ikibeba joto. Magari mengi ya leo yana diski za namna hii mbele.

*Diski yenye mifereji.* Mifereji midogo imechongwa usoni mwake. Hukwangua uso wa pedi na kuondoa vumbi na gesi. Hupendwa katika mashindano, lakini huila pedi upesi zaidi.

*Diski yenye matundu.* Matundu huipunguzia uzito na kutoa maji na gesi. Lakini diski ikipata joto kubwa na kupoa mara kwa mara, nyufa huweza kuanza pembeni mwa matundu hayo. Kwa hiyo uzuri wa sura si sababu ya kutosha ya kuichagua.

*Diski za kaboni.* Magari ya Formula 1 hutumia diski na pedi za kaboni. Ni nyepesi sana, na hufanya kazi hata zikiwa na joto la mamia ya nyuzi. Lakini zikiwa baridi hushika vibaya. Hazifai kwa gari linalokwenda sokoni.

Katika gereji

Wanafunzi wa darasa la tano walikwenda na mwalimu wao kutazama kazi katika gereji mjini Njombe. Walipokuwa pale, dereva kijana aliingia na kifurushi mkononi.

"Shikamoo, mzee," alimsalimu fundi.

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Njema, ila si sana. Jana nilikuwa ninateremka mlima na abiria wanne. Nilikanyaga breki mara nyingi, na mwishowe zikaisha nguvu. Namshukuru Mungu niliwahi kutia gia ndogo. Sasa nimekopa fedha, nimenunua pedi za magari ya mashindano. Nifungie upesi, kwani kesho alfajiri naondoka tena na abiria."

Fundi hakukifungua kifurushi. Aliuliza, "Kanyagio lilikuwa gumu, au lilizama?"

"Lilizama mpaka chini, laini kama sifongo."

Fundi aliwageukia wanafunzi. "Nani aweza kutuambia kwa nini kanyagio lilizama?"

Wanafunzi walinyamaza kidogo. Kisha msichana mmoja alinyosha mkono. "Mzee, tulipotia hewa ndani ya mpira, bomba la sindano lilizama vivyo hivyo. Labda kulikuwa na hewa katika mabomba ya breki."

"Umekaribia sana, mjukuu wangu," alisema fundi. "Ila haikuwa hewa iliyotoka nje. Mafuta ya breki hunyonya maji yaliyomo hewani, kidogo kidogo, mwezi hata mwezi. Mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakiwa yamekwisha kunyonya maji, huweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Yakichemka, hufanya mapovu ya mvuke. Mvuke hushindilika, na kanyagio huzama. Kijana, mafuta haya uliyabadilisha lini?"

"Tangu nilinunue gari, sijayabadilisha. Ni miaka minne sasa."

Fundi alifungua gurudumu, akaipima diski. Ukingoni mwake palikuwa pameandikwa unene wa chini unaoruhusiwa: milimeta 22. Kipimo kilionyesha milimeta 20.

"Diski nyembamba haina chuma cha kutosha kubeba joto," alisema fundi. "Kwa hiyo hupata moto upesi, na joto hilo huyafikia mafuta. Pedi hizi ulizonunua zingeongeza hatari. Njombe asubuhi ni baridi kali. Kesho alfajiri, ukifika kwenye kona ya kwanza, pedi zingekuwa baridi, nazo zisingeshika vizuri. Abiria wako hawaendi mashindanoni."

Kijana aliinama akakitazama kifurushi. "Lakini mzee, hizi ni za bei kubwa kuliko zote dukani."

"Bei haisimamishi gari. Zirudishe dukani maadamu hujazifungua. Fedha utakayorudishiwa tununulie diski mbili, pedi za barabarani zinazolifaa gari hili, na mafuta mapya. Na kesho usisafiri. Kazi hii haitakwisha leo."

Kijana alisita, kwa maana siku moja bila kazi ni hasara. Kisha alisema, "Afadhali hasara ya siku moja." Akakichukua kifurushi, akaenda dukani.

Kutunza breki

1. Pedi zikibaki na unene wa milimeta 3 hivi, zibadilishwe. Zibadilishwe kwa magurudumu mawili ya kulia na kushoto pamoja, ili gari lisivutwe upande mmoja.
2. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachopiga mlio pedi zinapokaribia kwisha. Mlio huo ni onyo. Usipuuzwe.
3. Pedi na diski zikiwa mpya, dereva apunguze mwendo kwa upole mara kadhaa, akiacha zipoe, mpaka zizoeane.
4. Mafuta au grisi isiguse diski wala pedi. Kumbuka viganja vyenye sabuni.
5. Diski iliyo moto sana isimwagiwe maji baridi, kwa kuwa huweza kupinda au kupasuka. Iachwe ipoe yenyewe.
6. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto hudhuru mapafu.
7. Katika mteremko mrefu, dereva atie gia ndogo tangu mwanzo, ili injini isaidie kulizuia gari.

Mambo ya kukumbuka

Breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Pedi za uwanjani zahitaji joto ili zishike vizuri, lakini pedi za barabarani zashika hata zikiwa baridi. Kanyagio likiwa gumu na gari lisipungue mwendo, huenda pedi zimezidiwa na joto. Kanyagio likizama, huenda mafuta yamechemka au kuna hewa ndani ya mabomba. Breki nzuri ni ile inayofaa kazi yake.

Zoezi

1. Msuguano ni nini?
2. Taja sehemu tatu za breki ya diski, na ueleze kazi ya kila moja.
3. Kwa nini diski hupoa upesi kuliko dramu?
4. Gari lilikuwa likienda kilometa 40 kwa saa. Likienda kilometa 80 kwa saa, joto la kulisimamisha litaongezeka mara ngapi?
5. Kwa nini fundi aliuliza kama kanyagio lilikuwa gumu au lilizama? Majibu hayo mawili yangemwonyesha nini?
6. Dereva mmoja huendesha gari lake mjini siku zote, na mara mbili kwa mwaka huenda nalo uwanja wa mashindano. Wewe ungemshauri achague pedi za namna gani? Toa sababu zako.
7. Kazi ya kufanya nyumbani: Tazama breki za baiskeli ya nyumbani au ya jirani. Pima unene wa vipande vya mpira. Je, viko salama? Chora ulichokiona katika daftari lako, na umweleze mwenye baiskeli.